Ngano Katika Damu Yetu

Juzi nilikuwa nikimsaidia mama kupanga sanduku lake la nguo, mkono wangu ukagusa kitambaa nilichokijua hata kabla ya kukiona. Lilikuwa gauni la samawati lenye kola nyeupe, gauni la Idi, na pindo lake lilikuwa limekunjwa na kushonwa kwa mkono ili lifupike. Mtu mwingine angedhani ni gauni la dada mkubwa lililopunguzwa ili mdogo alivae. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mimi ndiye niliyelivaa kwanza. Liliponibana kwapani, mama alilifupisha akampa dada yangu Rukia, aliyezaliwa miaka miwili kabla yangu. Ninyi mliokulia katika nyumba zenye watoto wengi mnajua jinsi nguo zinavyoshuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Zetu zilipanda.

Tuliishi Kitale, nyuma ya msikiti, katika nyumba iliyogawana ukuta na tanuri la baba. Babu yake baba alikuja kutoka Yemeni akiwa kijana, akaoa huku huku bara, na kilichobaki kwake kilikuwa wajukuu, tanuri hilo, na imani kwamba nyumba isiyonukia mkate ni nyumba yenye msiba. Baba alioka mikate ya boflo, maandazi na keki ndogo za kuuza shuleni. Unga uliingia kila mahali: kwenye nyusi zake, kwenye mikunjo ya mapazia, juu ya redio, ndani ya masikio yetu. Kila asubuhi kabla hatujaenda shule alikata ncha ya mkate wa kwanza, ile yenye ganda la kahawia, akampa Rukia. Rukia alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa baba, kwa hiyo baba hakumwita kwa jina lake. "Kula, Mama," alimwambia. "Kula upate nguvu." Mimi nilipewa kipande cha pili, na wivu ulinikaba kuliko mkate wenyewe.

Nguvu hazikuja. Rukia alikuwa na tumbo lililojaa kama ngoma na miguu myembamba iliyoonekana imeazimwa kwa mtoto mwingine. Alikuwa na vidonda mdomoni ambavyo havikupona vikaisha. Darasani alisinzia, na akiamka aliamka kwa kukimbia, kwa sababu tumbo lilikuwa limemwita. Siku nyingine hakufika chooni. Mwalimu alimkalisha karibu na mlango, na wale waliokaa nyuma yake wakaanza kuziba pua hata siku ambazo hakuna kilichotokea.

Mama hakutulia. Sidhani niliwahi kumwona ameketi miaka ile. Hata mchele aliuchambua akiwa amesimama. Alimtibu Rukia minyoo, akamtibu amiba, akamtibu taifodi na malaria ambayo hakuwa nayo. Alimnywesha maji ya mwarobaini hadi Rukia akajifunza kuyameza bila kukunja uso. Kila dawa ilileta siku chache za matumaini, kisha tumbo likarudi kama mdai… hapana, kama mwenye nyumba.

Likizo ndiyo iliyotutatiza wote. Shule zikifungwa tulipelekwa Bungoma, kwa mama mzazi wa mama, mbele kidogo ya Kanduyi. Tulimwita Kukhu, kama watoto wote wa Kibukusu wanavyomwita bibi yao. Mama alizaliwa akaitwa Nekesa katika nyumba ya wakulima waliokwenda kanisani kila Jumapili; alipoolewa na baba alisilimu akawa Halima, lakini Kukhu hakuwahi kulitamka jina hilo hata mara moja. Kwake tulikula ugali wa mahindi uliochanganywa na wimbi, mboga za managu zilizolazwa kwenye maziwa, viazi vitamu, ndizi za kuchemsha. Mkate haukuingia nyumba ile. Kukhu alisema mkate ni chakula cha watu wa ofisi, mtu anakula na bado ana njaa. Baada ya wiki chache Rukia alikuwa juu ya mpera, anapiga kelele, anawatupia kuku mapera mabichi. Mashavu yalimjaa. Tumbo lilirudi mahali pake. Kisha shule zilifunguliwa, tukarudi Kitale kwenye ncha ya mkate wa kwanza, na kabla ya mtihani wa katikati ya muhula dada yangu alikuwa amenyauka tena.

Kila bibi alikuwa na maelezo yake. Nyanya, mama yake baba, tuliyeishi naye Kitale, alikuwa na hakika. "Huko kwao wanamlegezea," alimwambia baba, bila kujali kwamba mama yuko jikoni na anasikia. "Akirudi huku wanavuta kamba. Wanamtaka mtoto. Wewe hujui watu wa shamba?" Kukhu naye alimvuta Rukia kati ya magoti yake na kumpapasa mbavu. "Lukia, huko Kitale si wanakupatia chakura?"

"Wananipatia, Kukhu."

"Ati wanakupatia. Chakura gani hicho hakikai kwa mwili?"

Mimi niliiamini kamba. Sikuielewa kama fumbo la watu wazima. Niliiamini kama kamba, nyembamba kama uzi wa kushonea, iliyofungwa kiunoni mwa dada yangu na kunyooshwa kutoka Bungoma hadi Kitale juu ya mashamba yote ya mahindi. Rukia akilala mchana nilimpapasa kiuno nikiitafuta. Siku moja nilichukua mkasi wa mama nikaanza kukata hewa polepole kuzunguka mwili wake, na akafumbua macho.

"Unafanya nini?"

"Nakata."

Alinitazama kidogo. "Umemaliza?"

"Bado."

"Haya, maliza," akasema, akafumba macho tena.

Ndipo akaja daktari wa watoto, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akifika Kitale kila Jumanne katika zahanati moja ya kulipia. Mama alisikia habari zake sokoni, akatubeba sote wawili, kwa sababu hakuwa tayari kuniacha na Nyanya. Daktari alimpima Rukia urefu, akanipima na mimi, akatutazama kwa zamu. Mama alipomweleza kuhusu likizo, alieleza kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba mama yake humlea mtoto vizuri kumshinda yeye. Daktari hakuuliza kuhusu aibu hiyo. Aliuliza, "Huko Bungoma anakula nini?" Mama akataja. "Na hapa?"

Mama alicheka. "Daktari, hapa ni kwa mwoka mikate."

Daktari aliacha kuandika. Alimwangalia Rukia tena, kwa makini zaidi, kisha akasema angependa kutoa damu kidogo, ipelekwe Nairobi, kwa kuwa kipimo chenyewe hakifanyiki huku kwetu. Rukia hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na njiani kuelekea nyumbani nilikuwa nikifikiria damu ya dada yangu ikisafiri peke yake usiku, bila sweta, kwenda mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona.

Kungoja kulitufanya sote wagonjwa. Mama alifagia palipokuwa pamefagiliwa. Baba aliuliza kila jioni, "Wamesema nini?" na mama akamjibu, "Wangesema ungejua." Hatimaye simu ikapigwa kwa jirani mwenye duka: majibu yamefika. Ilikuwa Ijumaa. Mama hakuweza kungoja Jumanne ya daktari. Aliniokota kutoka kwenye mchezo wangu, mikono ikiwa bado na udongo, tukaenda. Kwenye dirisha la zahanati alikaa kijana mmoja aliyekuwa na haraka ya kufunga.

"Daktari hayuko, mama. Kuja Jumanne."

"Niambie tu yanasema nini."

Akafungua, akasoma kwa midomo. "Hapa wameandika pozitivu."

"Pozitivu ya nini?"

"Mama, hapo nitakudanganya. Si ungoje tu daktari?"

Wale wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Miaka ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Lilibandikwa kwenye kuta za zahanati, likafundishwa shuleni, likanong'onwa matangani. Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa ameisha polepole mbele ya macho yetu, akawa mwembamba, tumbo likamharibika, vidonda vikamjaa mdomoni, na alipozikwa watu walisema, ati alikuwa pozitivu. Nilisimama pale dirishani nikijumlisha: wembamba, tumbo, vidonda. Mama alikuwa anajumlisha hesabu ile ile. Alinishika mkono tukatoka, lakini hakushika njia ya nyumbani. Tulizunguka mji. Tulipita sokoni, tukateremka hadi karibu na Kipsongo, tukageuka, tukapita sokoni tena. Watu walimwamkua na hakuitika. Nilitaka kumwambia kwamba tumepotea, ila nilijua hatukuwa tumepotea.

Alimwambia baba ndani ya chumba cha tanuri, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta, shavu langu likiwa kwenye matofali yenye joto. Kisha sauti ya baba: "Mtoto ameitoa wapi?"

Mfagio wa mama ulianza kukwaruza sakafu.

"Nakuuliza, Halima. Mtoto ameitoa wapi?"

"Unaniuliza mimi?" mama akasema. "Na wewe ujiulize."

Sinia lilianguka, au lilirushwa. Baba alitoka na unga wake usoni akaenda msikitini, akakaa huko hadi baada ya Isha. Siku zilizofuata tulikula kwa zamu, kila mtu kona yake. Nyanya alitenga kikombe cha Rukia na kukimwagia maji yanayochemka, na hakusema neno juu ya kamba. Kutosema kwake kulinitisha kuliko kamba yenyewe.

Rukia alikuwa ameisikia habari, kama watoto wanavyosikia kila kitu. Aliniita nyuma ya tangi la maji. "Wamesema niko pozitivu," akaniambia, na nikaona kwamba hana hofu hata kidogo. "Mwalimu wa hesabu alituambia. Namba za pozitivu ziko upande wa kulia wa sifuri. Hizo ndizo zinaongezeka." Akajipima kwangu, kichwa chake kikifika kwenye sikio langu. "Labda sasa nitaongezeka."

"Utaongezeka," nilisema. Kisha nilikimbilia chooni nikajifungia.

Jumanne tulikwenda sote, hata baba, akiwa na kanzu ya Ijumaa na kofia yake nzuri. Alikaa mbali na mama, kiti kimoja tupu katikati. Daktari alipoingia alitukuta tumenyamaza kama watu waliokuja kuchukua maiti, akatazama majibu, akatutazama sisi, na nadhani alielewa papo hapo.

"Nani amewaambia hii ni virusi vya ukimwi?"

Baba alivua kofia, akaishika mapajani.

"Sikilizeni. Hiki si kipimo cha virusi. Hakuna mtu amemwambukiza, na yeye hataambukiza mtu. Hiki ni kipimo cha ngano."

Mama alianza kucheka, kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, akakaa hivyo, anacheka na kulia, ukingo wa leso mdomoni. Baba hakucheka. "Ngano?" alisema.

Daktari alivuta kiti chake karibu. Alisema ugonjwa unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, na ndani ya shayiri pia, kuna kitu kinachoitwa gluteni, ndicho kinachofanya unga uvutike. Mwili wa Rukia unakiona kama adui. Akila mkate, askari wa mwili wanatoka kupigana, na uwanja wa vita ni utumbo wake mwenyewe. "Utumbo una manyoyamanyoya kama zulia, ndiyo yanashika chakula. Yake yamenyolewa. Chakula kinapita tu, kama maji juu ya sakafu. Kipimo hiki kimewaona hao askari, na ni wengi."

"Daktari," baba akasema, "mimi kazi yangu ni mikate. Baba yangu alioka. Babu yangu alioka. Wote walikula."

"Na wote walikuwa wazima?"

"Walikuwa wazima," baba alisema, upesi mno. Kisha nikaona jambo likimfikia, polepole, kama joto linavyofikia katikati ya mkate. "Kwa hivyo kile kipande... kila asubuhi..."

"Hukujua."

"Kila asubuhi, daktari. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Hukujua, baba. Na pole, lakini itabidi uendelee kumpa kwa muda." Akaeleza kwamba ni lazima Rukia apelekwe Eldoret, aingizwe kamera ndogo mpaka tumboni, ili wathibitishe kwa macho. Akiacha ngano sasa, utumbo utaanza kupona na kamera huenda isione kitu. Ale kama kawaida mpaka siku hiyo. Tena, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, wazazi na mimi tupimwe pia.

Sijasahau asubuhi iliyofuata. Mkate wa kwanza ulitoka, baba akaukata ncha kama siku zote, akanyoosha mkono, na mkono ukakataa. Ulibaki pale hewani na kile kipande kinachotoa mvuke. Akakiweka mezani, akarudi kwenye tanuri. Rukia alikitazama. "Si mmesema kinaniumiza?"

"Ndiyo," mama akasema. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anaosha chombo kilichokuwa safi. "Kula."

Akala. Tangu siku hiyo mama ndiye aliyempa, kila asubuhi, na baba hakuweza kuwa kwenye chumba kimoja nao. Nimekuwa mzazi sasa, na katika mambo yote mama aliyoyafanya miaka ile, hilo ndilo ninalojua mimi nisingeliweza.

Kamera iliona kile ambacho daktari alikitarajia. Ngano ilikatazwa siku hiyo hiyo. Lakini ungeikatazaje ngano katika nyumba ile? Mama alinunua sufuria mpya, mwiko mpya, akaviweka mbali kwenye kabati, na asubuhi alivikuta na ukungu mwembamba wa unga. Daktari aliposikia tunaishi mahali gani alitikisa kichwa. Kwa hiyo Rukia alihamishiwa shule ya Bungoma, kwa Kukhu, nami nikabaki na kitanda kizima peke yangu, nikashindwa kulala. Nilikuwa nikiamka, nalala upande wake, narudi upande wangu.

Mama na mimi tulipimwa. Majibu yetu yalikuwa negativu. Daktari alinishika bega akaniambia, "Yako ni negativu ya leo. Ukikua, au ukianza kuumwa tumbo, urudi tupime tena." Alikuwa akisema kweli tupu, kwani ugonjwa huu unaweza kukaa kimya miaka na kuamka ukubwani, na mimi hurudi kupimwa hadi leo. Ila mtoto niliyekuwa nilisikia kwamba negativu yangu ilikuwa ya leo tu, kama maziwa. Kesho yake niliamka kabla ya adhana nikajishika mbavu, nikajishika tumbo, nikiangalia kama imekwisha muda wake.

Baba alikataa kupimwa. Ana kinyunya cha mikate kinachomngoja, alisema. Ana wateja. Nyanya aliliweka wazi zaidi: "Hiyo ni ya upande wa Halima. Tumbo la mahindi halijui ngano." Mama alipomwambia kwamba yeye mwenyewe ametoka negativu, Nyanya alisema mashine za Nairobi nazo ni vyuma tu, zinakosea.

Lakini mama alikuwa na macho. Alimwona baba akiegemea meza ya kukandia katikati ya kazi. Alimwona akisukutua maji ya chumvi kila asubuhi kwa sababu ya vidonda vya mdomo ambavyo yeye aliviita joto la tanuri. Siku moja alimfuata hadi mlangoni pa chumba cha tanuri na kusema kwa sauti ambayo hata Nyanya aliisikia. "Mimi nimetolewa damu. Mtoto mdogo ametolewa damu. Mama yako anasema hii ni ya kwetu. Sawa. Nenda basi uthibitishe ni ya kwetu."

Baba akaenda.

Majibu yalipokuja alitutaka sote tuwe sebuleni, akayasema akiwa amesimama. "Ni mimi," alisema. "Iko kwangu. Daktari anasema nimekuwa nayo sijui tangu lini. Damu yangu imepungua, ndiyo maana nachoka. Na mimi sijawahi kuharisha hata siku moja, bana! Ati ugonjwa mmoja, na kila mtu unamjia na sura yake." Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemsaidia.

Nyanya alikuwa na tasbihi mkononi. Aliisogeza punje moja, akaacha. "Kaka yangu Saidi," alisema hatimaye, akiitazama sakafu, "alikuwa hivyo hivyo. Tumbo, na kukonda. Tulisema ni jicho la watu." Aliinuka kwa shida akaenda jikoni, na tukamsikia akipanga vikombe.

Tanuri tulikuja kulikodisha kwa mtu mwingine, tukahamia nyumba ya mbali nalo, na baba akafungua duka la mahindi na maharagwe ambalo halikumpa furaha hata siku moja. Hilo lilichukua muda na ugomvi mwingi. Lililokuja kwanza, kabla ya hayo yote, ni kwamba Jumamosi iliyofuata baba alivaa ile kanzu yake nzuri akaniambia nijitayarishe, tunaenda Bungoma. Mama alitaka kuja, baba akamwomba abaki. Miaka mingi baba hakuwa ameweka mguu kwa Kukhu, tangu maneno ya kamba yalipomfikia mama mkwe wake kupitia watu.

Rukia alitukimbilia kutoka shambani. Nilisimama kumpokea, na nilipomkumbatia macho yetu yakalingana. Baba alimshika mashavu kwa mikono miwili na hakuweza kusema "Mama" wala neno jingine.

Kwa Wabukusu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja. Ni heshima. Baba aliijua, akaingia sebuleni na kuketi peke yake chini ya kalenda ya kanisa. Kukhu alibaki jikoni, nyuma ya mlango wa mbao ulioachwa wazi kidogo, na mimi nikawa mguu na mdomo wao. Kwanza nilipelekwa kwa baba na jogoo aliyefungwa miguu. "Mwambie achinje mwenyewe," Kukhu alisema, "asije akasema nimemlisha haramu." Baba akachinja nyuma ya nyumba. Kisha kukawa na kungoja kurefu, na moshi, na mimi sikuweza kukaa. Nilivuka kile kizingiti huku na huku hata nilipokuwa sina ujumbe wa kupeleka. Sebuleni baba alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake. Jikoni Kukhu alikuwa akisonga ugali kwa nguvu zisizohitajika.

"Mwambie Kukhu," baba alisema mwishowe, kwa sauti ambayo yeyote jikoni angeisikia, "nimepimwa. Mwambie ugonjwa wa mtoto umetoka kwangu."

Nikaenda nikasema. Kukhu hakugeuka. "Mwambie nimesikia."

Nikarudi. Baba aliiweka kofia gotini. "Mwambie kwamba maneno yaliyosemwa nyumbani kwangu juu yake, niliyasikia na sikuyazuia. Mwambie nimekosa. Naomba anisamehe."

Nilikwenda jikoni na maneno hayo mdomoni, nikihofu kuyamwaga. Kukhu alikuwa ameshapakua. Ugali wa wimbi ulikaa kwenye sahani, mweusi na unaong'aa, na pembeni yake supu ya kuku na managu. Niliyasema yote kama nilivyopewa. Aliukwangua mwiko, akauweka kando; upande wa pili wa mlango kiti cha baba kililia, nami nikasimama katikati yao miguu ikiniwasha.

Kukhu alinikabidhi sahani.

"Mwambie ale kwanza," alisema. "Amekonda."